Jivu Juu ya Theluji

Agerd, 16 Machi 1993

Kwa Shangazi Tamimunt,

Nakuamkia, shangazi yangu, na namsalimu wifi Ghita anayekusomea. Huku tu wazima. Baba yuko bondeni na kondoo, hatapanda mpaka njia ifunguke. Theluji haina habari kwamba mwezi wa Machi umefika. Jana nilifungua mlango ili nitoke, ikawahi kuingia yenyewe kabla sijatoka.

Usinicheke, lakini nina furaha sana. Tangu nimalize shule kila mtu ananiuliza nitafanya nini sasa, nami huwa naangalia viatu vyangu. Siku hizi nina jibu, ingawa sijalitamka kwa sauti: nalinda bustani ya shangazi yangu mpaka apone mguu arudi. Kila asubuhi napanda kuiangalia. Hakuna cha kuangalia, ni weupe mtupu na ukuta wa mawe unaochungulia, lakini naizunguka yote, halafu nashuka nikiwa na njaa kama mtu aliyelima.

Mbegu za vitunguu nalala nazo chini ya mto zisipate unyevu. Mama anasema siku moja nitaamka masikio yameota majani. Jembe lako nimelitoa nyuma ya mlango nikalipaka mafuta. Mpini wake ni mfupi kama mwiko, nikiushika mgongo unakunjika. Mama alitaka akate mwingine. Nimekataa, kwa sababu ni jembe lako na umelipima kwa mwili wako.

Sasa neno lenyewe. Mzee Bassou wa mfereji ametangaza kisimani kuhusu kuita zamu za maji. Ametukumbusha sheria utadhani sisi ni wageni: "Nikiita jina, mwenye bustani anijibu akiwa amesimama juu ya udongo wake, na kijiti chake kimesimama ardhini bila kushikwa. Udongo uliofunuliwa kwa koleo siutaki. Huo bado umeganda, maji yatateleza juu yake yamwendee jirani." Halafu akaniangalia mimi. "Bustani ya juu haikujibu mwaka jana, Tamimunt alikuwa amelazwa. Isipojibu tena mwaka huu, zamu yake inashuka kwa jirani yake Haddou, na ikishashuka haipandi."

Haddou alikuwapo. Alikuwa akimpapasa nyumbu wake.

Kwa hiyo, shangazi, rudi mapema. Kuyeyusha theluji niachie mimi. Nakumbuka nilipokuwa mdogo ulinibeba mgongoni tukaikuta bustani nzima imepakwa jivu jeusi, na theluji ikaisha kwetu kabla ya kwa wengine. Nitafanya hivyo hivyo. Lakini kujibu ni kazi yako. Unanijua. Mwalimu alinipa ruhusa nisome shairi nikiwa nyuma ya mlango ili nisione watu, na bado hakunisikia.

Wako mtiifu,
Izza

*

Meknes, 23 Machi 1993

Kwa Izza binti Moha,

Mimi Ghita ndiye ninayeandika, lakini maneno ni ya shangazi yako, na ameniamuru niandike kila anachosema hata akikohoa. Barua yako bado haijafika. Kwenye redio wanasema njia ya mlimani imefungwa, na shangazi yako ameitukana redio.

Anasema: Mwanangu, mimi mzima. Mguu unaendelea. Hapa kwa mwanangu Driss nakaa ghorofa ya tatu, naona bustani moja tu, nayo ni ya saruji, ina kopo la mnanaa. Huo mnanaa nimeuhurumia nikauhamisha mara mbili. (Mara nne. Mimi Ghita.)

Theluji ya mwaka huu naijua hata bila kuiona, kwa sababu goti linaniambia. Kwa hiyo sikiliza habari ya jivu, maana naogopa utafanya haraka. Kusanya jivu la tanuri, lichekeche, lichanganye na udongo mweusi wa zizini. Usubiri asubuhi yenye jua. Kisha nyunyiza kidogo. Nyunyiza kama unavyotia chumvi kwenye unga wa mkate. Ukitazama chini uone theluji bado inachungulia katikati ya jivu. Ikiwa haichungulii, umezidisha. Jivu jembamba huvuta jua likalipeleka kwa theluji. Jivu nene hulizuia jua njiani.

(Ameniambia nirudie hilo la chumvi. Nimerudia.)

Mama yako nimemkumbuka. Usibebe magunia peke yako. Na najua utaliogopa jembe langu. Ni jembe tu.

Shangazi yako,
Tamimunt, kwa mkono wa Ghita

*

Agerd, 29 Machi 1993

Kwa Shangazi Tamimunt,

Sijapata barua yako, na hii nayo sijui itaondoka lini. Zayd wa lori amekwama upande wa pili wa mlima. Lakini siwezi kusubiri kukuambia.

Nimemaliza. Bustani yote ni nyeusi, kutoka ukuta wa juu mpaka wa chini, huoni hata doa jeupe. Nimepita nyumba kwa nyumba kuomba jivu. Mimi, shangazi, nimegonga milango ya watu. Kwa bibi yake Rabha nilisimama muda mrefu mpaka mbwa wao akanizoea akalala. Bibi alipofungua aliniuliza, "Wewe umekuja kuomba moto au kuozwa?" Nikaonyesha gunia. Akanijazia jivu na kunipa mkate wa shayiri wa moto, nikaula njiani.

Nimepanda na magunia mpaka mabega yakawa na alama. Nilipoona jivu la kwanza halitoshi kufunika, nikaongeza la pili. Mahali pengine linafika kina cha kidole. Kutoka msikitini bustani yetu inaonekana kama kiraka kwenye shuka. Watu wananyoosha vidole. Mara ya kwanza katika maisha yangu watu wananyoosha vidole na mimi sikimbii.

Kitu kimoja tu kimeniharibia. Haddou alikuwa anapita na nyumbu wake, akasimama, akatazama.

"Binti Izza," akasema, "hiyo theluji ilikuwa inasikia baridi?"

Niliinamia gunia langu.

"Naona umeitandikia blanketi. Zito hasa. Italala salama mpaka Juni."

Akaenda zake. Nilisimama pale macho yakiniwasha, nikisema ni moshi, na moshi haukuwapo. Shangazi, mtu anayesubiri maji yetu yashuke kwake hana haya ya kunicheka. Wanaume wengine wote wa Agerd wamenyunyiza jivu kidogo kidogo, vumbi tu, kama wanaliogopa. Mimi nimelitoa bila uchoyo. Tutaona nani wa kwanza kuona udongo.

Njoo uone mwenyewe.

Wako,
Izza

*

Agerd, 6 Aprili 1993

Kwa Shangazi Tamimunt,

Naona haya kuandika.

Bustani za wengine zimefunguka. Ya Haddou ina mistari ya udongo mweusi, unanukia mpaka njiani. Ya Rabha wameshatoa mawe. Yetu imesimama juu ya zote kama meza iliyotandikwa kitambaa cheusi. Nimechimba kwa kidole, chini ya jivu theluji ni ngumu, safi kabisa, kama imewekwa jana. Jua limewaka siku nzima na halikuigusa. Mama alikuja akaangalia, akanifunga vizuri kilemba changu bila kusema lolote, na mama yangu asiposema ujue mambo ni mabaya. Bassou anasema ataita zamu theluji ikitoka paa la msikiti. Paa lenyewe limebaki nusu.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika nikasikia honi. Ni Zayd, njia imefunguliwa. Ameleta barua yako.

Nimeisoma nimesimama, shangazi. Kama chumvi kwenye unga. Nimeisoma tena. Halafu nikakumbuka blanketi la Haddou, nikakaa chini hapo hapo kwenye kizingiti. Hakuwa ananicheka. Au alikuwa ananicheka, lakini ndani ya kicheko alikuwa ananiambia, nami nikasikia kicheko peke yake.

Nachukua ufagio. Nitaendelea baadaye.

Ni jioni. Mama amekuja na ufagio wake, tumefagia jivu lote tukalilundika nje ya ukuta. Mikono yangu haisikii kalamu. Lakini shangazi, halikutoka lote. Limebaki vumbi jembamba lililoshika kwenye theluji, na nikiinama naona weupe unachungulia katikati yake. Mama aliinama naye akatazama, akasema, "Hii ndiyo chumvi ya Tamimunt." Tukacheka mpaka tukashikana.

Kabla ya jua kuzama, ukingo wa chini ulikuwa unadondosha maji.

Izza

*

Meknes, 12 Aprili 1993

Kwa Izza,

Wifi yako Ghita naandika. Barua zako zote tatu zimefika siku moja. Nilimsomea ya kwanza akatabasamu. Nilimsomea ya pili, nilipofika kwenye kina cha kidole akajifunika uso na shuka. Nilimsomea ya tatu akaniambia, "Rudia pale kwenye ufagio." Nimerudia mpaka Driss ameuliza kama tunajifunza ufagio.

Sasa maneno yake:

Mwanangu, umefanya vizuri. Na Haddou usimwogope. Ndivyo alivyo, hawezi kumwambia mtu neno zuri bila kulifunga ndani ya baya. Hata mkewe alimposa kwa kumwambia mkate wake una mchanga.

Nakufundisha kitu kingine. Kuita na kuitikia kule juu si kazi ya koo. Ukiita kwa koo sauti inafia kwenye ukuta wako. Jaza tumbo. Usimtazame Bassou, wala watu. Tazama lile jabali la ng'ambo, lenye ufa. Litupie jabali neno, jabali litampelekea Bassou. Mimi miaka yote nimelitupia jabali. Na jabali halina macho, mwanangu, huwezi kulionea haya.

Jaribu asubuhi wakati mbuzi wanatoka, mtu hatajua ni wewe au ni mchungaji.

(Alinionyesha hapa sebuleni namna ya kuitikia. Jirani wa chini alipanda kuuliza nani amekufa. Mimi Ghita.)

(Tena mimi. Umemwomba arudi mapema. Nilimuuliza niandike nini. Akasema niandike inshallah. Nimeandika.)

Shangazi yako,
Tamimunt

*

Agerd, 20 Aprili 1993

Kwa Shangazi Tamimunt na wifi Ghita,

Udongo umeonekana. Naandika mbio mbio kwa sababu Zayd anashuka sasa hivi.

Ulianza pembeni kwenye ukuta wa chini, kiraka cha ukubwa wa sinia. Nilivua kiatu nikaweka mguu. Ni baridi inayouma mpaka kwenye meno, lakini ni udongo. Siku iliyofuata sinia likawa mkeka. Halafu theluji ikanyesha tena, wakati milozi ya bondeni imeshachanua, watu wakakaa milangoni wakishika vichwa. Nami nilipanda nikiwa tayari kulia. Kumbe ile theluji mpya ilipoangukia udongo mweusi na vumbi la jivu, haikukaa. Mpaka adhuhuri ilikuwa imekwisha. Kijiti changu kinaingia sehemu ya chini, lakini kikiingia kinalala. Chini zaidi bado kuna ugumu. Kila siku kinalala kidogo kuliko jana.

Nimelijaribu jabali. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili kilitoka kitu kama kuku. Mara ya tatu mbuzi wa Rabha waliinua vichwa wote pamoja. Sijawahi kusikilizwa na viumbe wengi hivyo.

Mzee Bassou ataita Alhamisi. Paa la msikiti ni tupu.

Shangazi, leo niliposikia honi nilikimbia mpaka barabarani. Nilidhani umo. Mama alikuwa ameshatia chai majani. Zayd alishusha mapipa ya mafuta, akashusha matandiko ya mtu, na wewe hukushuka. Nikamuuliza, akasema, "Amekusalimu." Halafu akamvuta Mzee Bassou pembeni wakazungumza. Wote wawili wakaniangalia, wakaangalia mlima. Nini? Kama umepata lori jingine, nambie. Jembe liko tayari, kijiti kiko tayari, umebaki wewe tu. Mimi nimejifunza kujibu ikiwa tu utachelewa kidogo, nikujibie mpaka ufike.

Izza

*

Agerd, 24 Aprili 1993

Kwa Shangazi Tamimunt,

Nitakueleza kama lilivyokuwa, halafu nina swali.

Alhamisi nilipanda kabla ya wengine. Nilichagua mahali penye udongo mweusi zaidi nikakichomeka kijiti. Kikainama. Nikakitoa, nikasogea hatua, nikachomeka tena kwa mikono miwili nikiegemea. Kikasimama. Nilikiachia pole pole kama mtoto anayejifunza kutembea. Kikaendelea kusimama. Nilivua viatu nikasimama kando yake.

Jua lilikuwa kali na mlima bado mweupe, macho yalikuwa yanauma. Kila mtu alikuwa ukutani kwake, mpaka chini mtoni. Mzee Bassou alipanda juu ya mwamba penye mlango wa mfereji. Alianza na bustani za chini, kama kawaida. Unajua wanavyojibu kwa maneno.

"Rabha wa Mtoni!"

"Nipo, na ugali wa shayiri uko motoni, fanya haraka."

"Ou-Ali!"

"Nipo tangu alfajiri, nyinyi ndio mmelala!"

Watu wanacheka, jina linapanda, linapanda. Nilikuwa narudia moyoni: akisema Tamimunt, tazama jabali, jaza tumbo, sema nipo.

"Haddou wa Mjozini!"

Haddou yuko ukuta mmoja chini yangu, naona upara wake. "Nipo," akasema, "na magoti yangu yapo, yote mawili yanalalamika."

Ikabaki bustani moja. Watu wote wakageuka kutazama juu. Wote, shangazi.

"Izza binti Moha!"

Nilisubiri jina lako. Nilidhani Mzee ananiita nisogee, au nimekosea mahali pa kusimama. Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa imegeuka myekundu.

"Izza binti Moha!"

Haddou akageuka. "Wewe binti, unaitwa."

"Anamwita shangazi," nikasema, lakini nadhani niliyesikia ni mimi tu.

"Shangazi yako ameanza lini kuitwa Izza?" Akaegemea ukuta. Alizungumza taratibu, wa chini wasisikie. "Sikiliza. Akiita mara ya tatu na usipojibu, maji yako yananijia mimi. Nayataka, nisiseme uongo. Vitunguu vyangu mwaka jana vilikuwa kama goroli. Lakini kijiti chako nakiona kimesimama. Siwezi kunywesha bustani yangu maji ya mtu aliyesimama mbele yangu bila viatu. Mwitikie mzee, anashikwa na jua."

"Izza binti Moha!"

Nilitazama jabali. Nilijaza tumbo mpaka mshipi ukanibana.

"Nipo!"

Shangazi, lilitoka lote. Jabali likalishika likalirudisha, nipo, halafu bonde la juu nalo likalichukua, nipo, nipo. Nyumbu wa Haddou akarudi nyuma. Mbwa wote wa Agerd walianza kubweka. Mama yangu, aliyekuwa juu ya paa, aliniambia baadaye alidhani ni wewe umerudi.

Mzee Bassou alisubiri mbwa wanyamaze. "Nimesikia," akasema. "Na Meknes wamesikia. Bustani ya juu, zamu ya kwanza."

Watu walicheka, na kicheko kile hakikuniumiza.

Maji yalifika mchana. Yalikuja na povu na vijiti na vipande vya barafu vyembamba kama kioo cha taa. Nilifungua tuta kwa jembe lako, yakaingia, na udongo ukayanywa. Hayakuteleza hata kidogo. Nilikaa nikiyatazama mpaka Haddou akapiga kelele kutoka chini: "Yatazame, lakini ukishiba nifungulie, na mimi nipo!"

Swali langu ni hili. Kwa nini aliita jina langu? Mzee Bassou anasema ni wewe uliyemtumia neno kwa Zayd. Mama anajua na hasemi. Nina furaha kiasi kwamba silali, na chini ya furaha kuna kitu kigumu kama ile theluji chini ya jivu. Niambie wewe.

Izza

*

Meknes, 2 Mei 1993

Kwa Izza,

Anasema niandike bila kupamba.

Mwanangu, mguu huu utanifikisha sokoni na kunirudisha. Mlima hautaupanda tena. Daktari aliniambia wakati wa baridi. Nilimwambia mama yako, na nilimkataza asikuambie. Kama ungejua kwamba bustani ni yako, ungempa mama yako zile mbegu ukaenda nyuma ya mlango. Ulijitokeza kwa sababu ulidhani ni kwa ajili yangu. Kwa ajili yangu uligonga milango ya watu. Nilitaka uigonge kwanza, halafu ndiyo ujue ni ya nani.

Ukitaka kunikasirikia, kasirika. Lakini kasirika ukiwa unapanda vitunguu, maana wakati unakwenda.

Mimi sina huzuni unayoidhania. Siku ya Alhamisi nilikaa dirishani. Ghita ni shahidi, nilimwambia, "Sasa hivi." (Ni kweli. Saa ileile alisema hivyo, na alikuwa ameshika mkono wangu mpaka pete imeniachia alama. Sasa anajipangusa macho na anasema ni kitunguu. Hakuna kitunguu humu ndani.)

Nina ombi moja. Lile jembe nililikata mpini mimi mwenyewe, kwa urefu wangu, na mimi ni mfupi. Wewe umemzidi baba yako. Usiendelee kujikunja.

Shangazi yako,
Tamimunt

*

Agerd, 9 Mei 1993

Kwa Shangazi Tamimunt,

Nilikasirika siku moja, nikiwa nalima, kama ulivyosema. Jioni nilikuwa nimefika ukuta wa pili na hasira ilikuwa imekwisha.

Vitunguu vimeota. Ni nyuzi tu za kijani, lazima ulale kifudifudi ndipo uzione. Haddou amelala kifudifudi upande wa pili wa ukuta akazitazama, akasema zimepinda. Kwa hiyo ni nzuri sana.

Njia ni kavu sasa. Zayd anasema vitunguu vikikomaa ataweka godoro nyuma ya lori, akulete mpaka chini ya mti wa mjozi wa Haddou. Kutoka hapo bustani inaonekana yote. Wewe utakaa, na utaniita ukiona nimekosea. Nitakusikia. Na mimi nikikujibu, utanisikia.

Leo asubuhi nimetoa mpini wa zamani, nimeufuta, nimeuweka juu ya rafu pamoja na redio. Nimekata mwingine wa mlozi, mrefu. Nimelima nikiwa nimesimama wima.

Izza wa Bustani ya Juu